Likizo si kurudia darasa: Neno kwa wazazi wa Bukoba na Muleba

Kila ifikapo mwezi wa Juni, na tena Disemba, utaona matangazo ya tuisheni yamebandikwa kwenye nguzo na milango ya maduka. Hesabu, Fizikia, Kemia, Kiingereza. Wazazi wa Hamugembe, Kashai na Rwamishenye hujibana wakalipa. Wa Muleba na Kamachumu nao hivyo hivyo, au humpeleka kijana kwa ndugu aliyepo mjini ili asome huko.

Sisemi kwamba tuisheni ni haramu. Mtoto aliyeachwa nyuma katika Hesabu anahitaji kushikwa mkono. Lakini nimekaa na vijana wengi wakati wa likizo, nikapekua madaftari yao, na ninachokiona ni notisi zile zile za shuleni zimenakiliwa upya kwa kalamu nyingine. Mzazi amelipa, kijana amechoka, na elimu haijaongezeka.

Tuanze na hesabu ya siku. Kalenda ya shule zetu ina siku 194 za masomo kwa mwaka. Zinabaki 171, yaani wikiendi, sikukuu na likizo. Kwa aliyemaliza kidato cha nne pengo ni kubwa zaidi: mtihani unakwisha Novemba na kidato cha tano kinaanza Julai. Hiyo ni miezi saba na zaidi. Ndani ya miezi hiyo wako vijana wanaoishia kwenye bodaboda au visiwani kwenye dagaa, na wako mabinti ambao posa huwafikia kabla ya barua ya kujiunga na shule. Wengine hawarudi tena darasani, na hata matokeo yakiwa mazuri hayawasaidii.

Wenzetu wamelichunguza jambo hili. Kuanzia mwaka 1982 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliwafuatilia watoto wa mji wa Baltimore tangu darasa la kwanza hadi ukubwani. Walikuta kwamba shule zikiwa wazi, mtoto wa maskini na wa mwenye nacho husonga mbele kwa mwendo unaokaribiana. Shule zikifungwa, wa mwenye nacho anaendelea kusonga na wa maskini anasimama. Wataalamu waliokuja baadaye wamehoji ukubwa wa tofauti hiyo, na ni haki yao. Lakini tazama hali yetu: ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imeondolewa tangu 2016, na ya kidato cha tano na sita tangu 2022. Darasani angalau tumekaribiana. Kwenye likizo, kila mtu na mfuko wake.

Je, shule zenyewe ziendelee kufundisha? Wizara ya Elimu imekataza zaidi ya mara moja, na Kenya wameliweka hilo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, pamoja na faini na kifungo. Kwa hiyo ninachopendekeza hapa si darasa la shule. Ni kazi ya mtaa na msikiti, na anayekuja anakuja kwa hiari yake.

Chukua kibanja. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Muleba, ukasambaa mkoani. Kijana wa kidato cha tatu anakariri bakteria kwa ajili ya mtihani, na huku bakteria huyo anakula chakula cha bibi yake nyuma ya nyumba. Mpelekeni akamwone. Mgomba unanyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati bila mpangilio, ukiikata moja ndani ina rangi ya kutu, na shina likikatwa linatoa usaha wa njano. Muulizeni: ugonjwa umefikaje hapa? Kwa wadudu wanaotua kwenye ua dume, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, na kwa panga letu wenyewe tunalotoka nalo mgomba huu kwenda ule. Ndiyo sababu ua hilo linavunjwa kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, mara tu kichana cha mwisho kikishatokeza. Panga nalo linapitishwa motoni au linasafishwa kwa jiki. Kijana ahesabu migomba kumi ya jirani, aandike mingapi imeugua, arudi baada ya wiki tatu ahesabu tena, kisha achore grafu. Hapo amesoma Bailojia na Hesabu kwa pamoja, na kibanja kimepona. Wataalamu nao si wa kutafutwa mbali, kituo cha utafiti wa kilimo kipo Maruku.

Jiografia hali kadhalika. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, liliharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato. Vijana wapite mitaani waulize ni nyumba zipi zilianguka na zipi zilisimama, zimejengwa kwa nini, juu ya udongo gani. Na Historia: waliokuwa vijana majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwaka 1978 sasa wamevuka miaka sitini. Kila mwezi tunawazika. Nani ameandika walichokiona?

Najua ustadhi atauliza, na Qur'ani je? Ibaki pale pale. Madrasa iwe baada ya Alasiri kama kawaida, programu hii iwe asubuhi, imalizike kabla ya Adhuhuri ili mabinti wafike nyumbani mapema. Wazazi wengi watakuwa wagumu kwa mabinti kama muda haueleweki, na mimi siwalaumu.

Walimu wapo. Waliomaliza kidato cha sita mwezi Mei wanasubiri chuo, na wasiokwenda JKT wamekaa tu nyumbani. Wawili wa sayansi na mmoja wa lugha wanatosha kwa vijana ishirini. Mkeka na ubao vipo madrasa. Vinavyobaki ni madaftari, chupa ya jiki, na nauli ya siku moja ya kwenda Maruku. Kamati ya msikiti ikae Mei, kabla shule hazijafunga.