Mtoto Mkaidi, au Mtoto Anayehitaji Msaada?



Katika kikao kimoja cha kupitia orodha ya watoto tunaowasaidia mahitaji ya shule, tulifika kwenye jina la mvulana wa miaka 10 anayelelewa na bibi yake. Mbele ya jina lake palikuwa pameandikwa maneno mawili tu: "Mkaidi. Afutwe." Tulikuwa karibu kukubali, maana wahitaji ni wengi na fedha ni chache. Ndipo mama mmoja mwanakamati akauliza: "Ameanza lini? Anamkaidi nani? Na nyumbani kukoje?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tuliona aibu, tukaahirisha uamuzi. Somo la toleo hili limetokana na maswali hayo matatu.

Ukaidi wa kawaida

Kila mtoto hukaidi. Mtoto wa miaka 2 au 3 husema "sitaki" kwa sababu anaanza kujitambua. Kijana anayebalehe hubishana kwa sababu anatafuta kujitegemea. Mwenye njaa, usingizi au homa hununa. Huo si ugonjwa. Lakini wapo watoto ambao ukaidi wao umezidi ule wa wenzao wa rika moja, umedumu, na unaharibu masomo yao na uhusiano wao na watu. Hali hiyo tunaweza kuiita ukaidi na upinzani uliokithiri.

Dalili za kuangalia

Hasira:
1. Hupandwa na hasira mara kwa mara.
2. Huudhika upesi hata kwa jambo dogo.
3. Huwa na uchungu na kinyongo moyoni.

Ubishi:
4. Hubishana na wakubwa.
5. Hukataa waziwazi kutii maagizo au kufuata taratibu.
6. Huchokoza wengine makusudi.
7. Huwatupia wengine lawama za makosa yake.

Kisasi:
8. Amefanya jambo la kulipiza kisasi angalau mara 2 katika miezi 6.

Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 unataka zionekane angalau dalili 4 kati ya hizi 8, kwa muda wa miezi 6 au zaidi, na zisiwe kwa ndugu zake wa kuzaliwa peke yao. Kwa dalili za hasira na ubishi, mtoto aliye chini ya miaka 5 huzionyesha karibu kila siku, na aliyefikisha miaka 5 angalau mara moja kwa wiki.

Tuzingatie pia kwamba wapo watoto wanaoonyesha hali hii nyumbani tu, huku shuleni wakiwa watulivu. Kwa hiyo bibi anapolia na mwalimu akasema haoni tatizo, tusiharakishe kumwona bibi kuwa mwongo.

Tusichanganye mambo

Mtoto anayeitwa mara tatu asiitike huenda hasikii vizuri. Anayekataa kusoma ubaoni huenda haoni, au kusoma kunamshinda. Aliyebadilika ghafla huenda amefiwa, au kuna mtu anayempiga au kumdhalilisha kwa siri. Kwa sababu hiyo, kazi ya kamati ni kuona na kuuliza. Kusema mtoto ana tatizo gani ni kazi ya mtaalamu wa afya.

Mtego wa nyumbani

Mwanasaikolojia wa Marekani, Gerald Patterson, katika kitabu chake cha mwaka 1982, alieleza jinsi mzazi na mtoto wanavyofundishana ubaya bila kujua. Mama anaagiza, mtoto anapiga kelele, mama anachoka na kuacha. Mtoto amejifunza kwamba kelele humwokoa. Siku nyingine mama anapiga, mtoto anatii kwa muda. Mama naye amejifunza kwamba fimbo inafaa. Kesho kelele huongezeka, na fimbo huongezeka.

Wengi wetu tutasema, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Ni kweli, mtoto asiachwe bila maonyo. Lakini methali hiyo haikutaja fimbo. Msaada unaotangulia kwa hali hii ni kumfundisha mlezi mwenyewe njia nyingine:

- Kutenga muda mfupi kila siku wa kukaa na mtoto bila kumgombeza.
- Kutoa agizo moja kwa wakati, kwa maneno machache.
- Kumsifu papo hapo anapotii, na kutaja alichofanya.
- Kuweka adhabu ndogo isiyoumiza mwili, inayojulikana mapema na isiyobadilika.
- Walezi wote wa nyumba moja kukubaliana.

Yule mvulana

Tulimtembelea bibi. Alitueleza kwamba hali ile ilikuwa imepita mwaka, karibu kila siku, na kwamba mjomba alikuwa akimchapa mtoto hadi alama zikabaki, naye akazidi. Zahanati ilimpima masikio na macho, ikampa rufaa ya hospitali ya mkoa. Huko bibi na mjomba walifundishwa kwa vipindi kadhaa. Mtoto hajawa malaika, bado hubishana. Lakini mjomba ameweka fimbo chini, mtoto anakwenda shule, na jina lake limebaki kwenye orodha.

Wafadhili wapendwa, katika safari ile gharama iliyosumbua zaidi ilikuwa nauli ya bibi na mjukuu wake. Mchango wenu uliilipa.

Kwa majadiliano ya kamati

1. Je, katika orodha yetu yupo mtoto aliyefutwa kwa neno "mkaidi"? Nani alimtembelea kabla ya kumfuta?
2. Tunatunzaje siri za mtoto, ili jina lake lisitajwe mbele ya watu?
3. Afisa ustawi wa jamii wa eneo letu ni nani, na anapatikana wapi?

Mkiona dalili za mtoto kuumizwa, msisubiri kikao. Toeni taarifa kwa afisa huyo au polisi, au pigeni simu ya msaada kwa mtoto namba 116, inayotumika Tanzania na Kenya bila malipo.