Somo la Afya: Maumivu Sugu ya Tezi Dume

Katika somo hili tunazungumzia ugonjwa ambao wanaume wengi huuficha: kuvimba kwa tezi dume kwa muda mrefu.

Tezi dume ni nini?
Ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Hutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa.

Dalili
Maumivu ya kinena, ya korodani au ya mgongo chini. Kukojoa mara kwa mara au kwa uchungu. Maumivu wakati wa kutoa shahawa. Yakidumu miezi 3 au zaidi huitwa sugu. Huwapata hata vijana, na si saratani.

Chanzo
Kuna aina mbili. Ya kwanza huletwa na bakteria, mara nyingi wale wakaao utumboni. Katika aina ya pili, ambayo ni ya wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10, vipimo havionyeshi bakteria. Kukaza kwa misuli ya nyonga, mishipa ya fahamu na msongo wa mawazo huchangia.

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Baba hununua antibiotiki dukani bila kupima. Maumivu hayaishi, hununua nyingine. Fedha ya ada ya watoto huisha, na bakteria huzoea dawa. Mama naye huanza kushuku ugonjwa wa zinaa, kumbe aina hii ya pili haiambukizwi.

Matibabu
1. Kupima mkojo kwanza, pamoja na magonjwa ya zinaa, na kichocho pale kilipo.
2. Bakteria wakionekana: antibiotiki alizoandika daktari, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, bila kukatiza.
3. Wasipoonekana: dawa za maumivu na za kulegeza njia ya mkojo kwa ushauri wa daktari, mazoezi ya kulegeza nyonga, kukalia maji ya uvuguvugu, na kutoketi muda mrefu. Nafuu huja polepole.

Homa kali yenye kutetemeka, au mkojo kuziba: hospitali siku hiyohiyo.

Tufanye nini?
Tunaomba kila kamati imwalike mhudumu wa afya azungumze na wanaume, kisha na wanandoa pamoja. Tunawaomba wafadhili wakumbuke vipimo vya mkojo katika zahanati zetu: kipimo kimoja huzuia dawa nyingi za bure.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini wanaume wetu huficha maumivu haya?
2. Zahanati yetu ina vipimo gani?