Kabla ya Kulaumu Kadi, Uliza Ukubwa wa Ukurasa

Umehamishia kwenye Raspberry Pi 5 programu zilizokuwa zikienda vizuri kwenye Pi 4. Nyingi zinawaka. Moja inakufa papo hapo na kuacha maneno machache kwenye skrini: Unsupported system page size. Hapo wengi hubadilisha kadi ya SD, kisha chaja, kisha hufuta mfumo mzima na kuanza upya. Kadi haina kosa.

Linux huigawa RAM kwa vipande vinavyolingana, viitwavyo kurasa. Kwenye kompyuta za kawaida ukurasa mmoja umekuwa baiti 4096, yaani kilobaiti 4, kwa muda mrefu hivi kwamba waandishi wa programu wameizoea namba hiyo kama urefu wa wiki. Lakini prosesa za ARM za biti 64 zinaruhusu kurasa za kilobaiti 4, 16 au 64, na kerneli ambayo Raspberry Pi OS huipa Pi 5 hutumia 16. Sababu ni kasi: prosesa ina orodha fupi ya kukumbukia kila ukurasa ulipo, na kurasa zikiwa kubwa mara nne, orodha ileile inafikia RAM mara nne zaidi.

Basi uulize mfumo wenyewe. Kwenye terminali andika getconf PAGESIZE. Ukijibiwa 4096, ugonjwa utafute kwingine. Ukijibiwa 16384, huenda umeupata. Wala usidhani Docker itakuokoa: kontena hutumia kerneli ya mashine iliyolibeba, na kurasa ni zilezile.

Dawa ya haraka ni kufungua faili la /boot/firmware/config.txt, kuongeza mstari kernel=kernel8.img, kisha kuwasha upya. Hiyo ni kerneli ya kilobaiti 4. Moduli ulizozijenga mwenyewe zitahitaji kujengwa tena, na partisheni ya swapu inaweza kugoma, kwa kuwa ukubwa wa ukurasa uliandikwa ndani yake ilipotengenezwa. Iandae upya kwa mkswap. Kama programu ni ya watu na msimbo wake huna, ishia hapo bila kuona haya.

Ukiwa na msimbo, tibu chanzo. Maneno yale ya skrini hutoka kwa jemalloc, maktaba ya kugawia kumbukumbu ambayo Redis, kwa mfano, huitumia kwenye Linux. Ukubwa wa ukurasa hukazwa ndani yake siku inapojengwa. Ijenge upya kwa --with-lg-page=16; hiyo 16 ni kipeo cha 2, kwa hiyo umeiambia baiti 65536. Iliyojengwa kwa ukurasa mkubwa hukubali mfumo wa ukurasa mdogo. Kinyume chake ndicho kinachogoma.

Mafaili ya programu na maktaba zake nayo yakague kwa readelf -lW. Tazama safu ya Align kwenye mistari ya LOAD: 0x1000 ni kilobaiti 4, haitoshi, 0x10000 ni 64, inapita kote. Kuirekebisha, unganisha upya kwa -Wl,-z,max-page-size=65536.

Halafu itafute 4096 ndani ya msimbo wako. Si kila utakayoikuta ni kosa. Nyingine ni ukubwa wa bafa tu. Ile inayopewa mmap kama mahali pa kuanzia ndani ya faili ndiyo itakayorudishwa na Invalid argument, kwa sababu mahali hapo lazima pagawanyike kwa 16384. Weka sysconf(_SC_PAGESIZE) badala yake.

Ukiwa unaijenga kerneli mwenyewe kwa ajili ya kifaa kidogo, usivutwe na 64 kwa sababu ya kasi peke yake. Faili la baiti 500 likishikwa kwenye kashe hukalia ukurasa mzima. Mafaili 1000 ya namna hiyo huchukua takriban megabaiti 64 badala ya 4, na kwenye kifaa chenye RAM ya megabaiti 128 hiyo ni nusu nzima.