Karatasi ya Kupimia Dawa Haifupishi Siku za Kungoja

Sukuma za majira ya baridi zimeshaingia kitaluni hapa Arlington, Texas, na barua nyingi zinauliza jambo moja: zile karatasi za kupimia mabaki ya dawa zikionyesha mboga ni safi, tuvune? Swali hili nalijua lilikozaliwa. Dalali anapiga simu Alhamisi, anataka mzigo wa Jumamosi, na shamba limepigwa dawa Jumanne.

Dawa za jamii ya organofosfati na kabameti huua mdudu kwa kuzima kimeng'enya cha neva, kolinesterasi. Karatasi nyingi hubeba kimeng'enya hichohicho: kikiwa hai, rangi hutokea, dawa ikikizima, rangi hukataa. Lakini joto nalo hukiua, na gari lililoachwa juani Texas ni tanuri. Ndiyo maana maabara zimegeukia vimeng'enya bandia, kama vile chembechembe za oksidi ya chuma, ambazo mwaka 2007 watafiti wa China walionyesha zinafanya kazi ya kimeng'enya cha peroksidasi. Hizo huvumilia joto. Hata hivyo, vipimo vingi vya aina hii bado vinahitaji kolinesterasi halisi pembeni.

Halafu kuna dawa ambazo kipimo cha kolinesterasi hakizioni kabisa. Dawa ya Sevin mliyoizoea ilikuwa kabarili, ya jamii ya kabameti. Siku hizi chupa nyingi za bustani zenye jina hilo zina zeta-sipamethrini, jamaa ya pareto ya viwandani. Karatasi itasema safi huku jani limelowa dawa.

Na mabaki yakigunduliwa, anayeumia ni mkulima. Mliotoka Kenya mnakumbuka Januari 2013, Umoja wa Ulaya ulipoanza kukagua asilimia 10 ya shehena za mishiri na minji kutoka huko kwa sababu ya mabaki ya dawa ya daimethoeti. Madalali walihamia bidhaa nyingine. Mkulima mdogo akabaki na mishiri yake.

Hapa Marekani lebo ni sheria. Isome yote, si jina tu: kiambato, zao, siku za kungoja kabla ya kuvuna. Managu hayamo kwenye lebo? Usiyapige dawa hiyo. Funika kitalu kwa wavu mwepesi tangu siku ya kupandikiza, vidukari uwaoshe kwa maji ya kasi. Palipopigwa dawa, chomeka kijiti chenye tarehe na jina la kiambato. Dalali akipiga simu, msomee kijiti.