Dondoo muhimu: Lango jipya la chuo

Kabla ya kuchora chochote, simama kituo cha daladala asubuhi uone wanafunzi wanapita wapi. Njia waliyoikanyaga kwenye nyasi ndiyo ramani yako. Isakafie, usiizungushie uzio.

Kwenye kampasi ya kilimani, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mteremko ndio kazi kubwa: njia ya kiti cha magurudumu isipande zaidi ya mita 1 kwa kila mita 12, na iwe na sehemu tambarare za kupumzikia. Miti mikubwa iachwe. Kivuli chake kinashinda nakshi yoyote ya geti. Bodaboda wapewe kijiwe pembeni, la sivyo watajaa mlangoni. Mitaro ifunikwe, taa ziwake. Kibanda cha mlinzi? Upande wa magari.