Mpira wa Gofu Katika Hewa ya Milimani

Mchezaji wa gofu aliyezoea uwanja wa Dar es Salaam, ulio karibu na usawa wa bahari, hushangaa anapocheza kwa mara ya kwanza Arusha, chini ya Mlima Meru. Fimbo ni ile ile, mpira ni ule ule, na nguvu za mikono hazikubadilika. Hata hivyo, mpira aliokusudia uanguke karibu na shimo hupita juu ya bendera na kutua nyuma yake. Wapo wanaosema kuwa upepo wa mlima umeusukuma, na wapo wanaosema kuwa ni ugeni wa uwanja. Sababu kubwa zaidi ni hewa yenyewe, ambayo milimani ni nyepesi kuliko pwani.

Jambo hili haliwahusu wachezaji wa gofu peke yao. Katika kata ya Nyabibuye, iliyoko katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, hakuna uwanja wa gofu. Lakini sehemu kubwa ya nyanda hizo, kuanzia Kasulu na Kibondo hadi Kakonko, iliyofanywa wilaya mwaka 2012, ina mwinuko unaokaribiana na ule wa Arusha, ambao ni meta 1400 hivi. Kwa hiyo yanayoupata mpira Arusha yangeupata pia Nyabibuye. Mwanafunzi wa huko husoma kitabuni kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, na kwamba meta moja ya ujazo ya hewa ina tungamo la kilogramu 1.2. Tarakimu hizo ni za kweli, lakini ni za usawa wa bahari. Za kijijini kwake hazimo kitabuni. Hana budi kuzitafuta mwenyewe. Mpira wa gofu ni njia nzuri ya kuonyesha kwa nini kazi hiyo ina maana.

Mchezo wenyewe

Mzunguko kamili wa gofu una mashimo 18. Uwanja wenye mashimo 9 huzungukwa mara mbili. Katika kila shimo mchezaji huanza kwa kuupiga mpira kutoka mahali maalumu, kisha huufuata na kuupiga tena mpaka uingie shimoni. Mshindi ni yule aliyetumia mapigo machache zaidi. Mchezaji hubeba fimbo kadhaa, na kila moja imetengenezwa kwa umbali wake. Hivyo kabla ya kila pigo huna budi kuwa na makadirio: shimo liko umbali gani, na ni fimbo ipi itakayoufikisha mpira huko? Anayekadiria vibaya kwa meta nane tu aweza kuuangusha mpira wake mchangani au kichakani, na kupoteza pigo moja au mawili.

Kwa mujibu wa kanuni za mchezo, mpira haupaswi kuzidi gramu 45.93, wala kipenyo chake hakipaswi kupungua milimeta 42.67. Uso wake si laini. Umejaa vishimo vidogo, kwa kawaida kati ya 300 na 500, na vishimo hivyo vina historia yake.

Kwa nini mpira una vishimo

Kuanzia miaka ya 1840 wachezaji wa Uskoti walitumia mipira iliyotengenezwa kwa gata-pacha, yaani utomvu mgumu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Mipira hiyo ilipokuwa mipya na laini iliruka vibaya. Ilipokwisha kupigwapigwa na kupata makovu, iliruka vizuri zaidi. Wachezaji waliligundua jambo hilo kabla ya wanasayansi kulieleza, wakaanza kuichonga mipira mipya kwa makusudi. Mwaka 1905 Mwingereza William Taylor alipata hataza ya mpira wenye vishimo vya mviringo, na mtindo huo ndio unaotumika hadi leo.

Maelezo ni haya. Mpira unapokwenda kasi, tabaka jembamba la hewa hushikamana na uso wake. Ikiwa uso ni laini, tabaka hilo huachana na mpira mapema, na nyuma yake hubaki eneo pana la hewa iliyovurugika yenye kanieneo ndogo. Tofauti ya kanieneo kati ya mbele na nyuma huuvuta mpira kurudi. Vishimo hulichafua tabaka hilo kidogo, na kwa sababu hiyo hushikamana na mpira kwa muda mrefu zaidi. Eneo lililovurugika huwa jembamba, na ukinzani wa hewa hupungua kufikia karibu nusu ya ule wa mpira laini.

Hewa hupinga, hewa huinua

Ukinzani wa hewa hupatikana kwa kuzidisha nusu ya densiti ya hewa, mraba wa mwendo, eneo la mpira linalokabili hewa, na namba inayotokana na umbo na uso wa mpira. Kwa mpira wa gofu unaokwenda kasi namba hiyo ni 0.25 hivi, na eneo ni meta za mraba 0.00143. Mchezaji hodari huweza kuupa mpira mwendo wa meta 70 kwa sekunde. Pwani, siku yenye joto la nyuzi 30, densiti ya hewa ni kama kilogramu 1.16 kwa meta ya ujazo. Basi ukinzani ni:

0.5 × 1.16 × 70 × 70 × 0.00143 × 0.25 = nyutoni 1.0, kwa kukadiria.

Uzito wa mpira wenyewe ni nyutoni 0.45 tu. Maana yake ni kwamba, mara baada ya kupigwa, mpira huvutwa nyuma na hewa kwa kani inayozidi mara mbili ile ya dunia kuuvuta chini. Mtu anayeipuuza hewa katika hesabu hii amepuuza kani iliyo kubwa kuliko zote.

Lakini hewa haipingi tu. Uso wa fimbo umelala kidogo, hivyo mpira huondoka huku ukizunguka kuelekea nyuma: sehemu yake ya juu hurudi upande wa mchezaji. Mzunguko huo huielekeza chini hewa inayopita, na hewa nayo huusukuma mpira juu. Mwanafizikia Mjerumani Gustav Magnus alilichunguza tukio la namna hii katika miaka ya 1850. Katika miaka ya 1890 Peter Guthrie Tait, profesa wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alilihusisha na gofu. Aliufunga utepe kwenye mpira, ukapigwa, kisha akahesabu mara ngapi utepe umejisokota, ili ajue kasi ya mzunguko. Mwanawe, Frederick, alikuwa mchezaji mashuhuri aliyetwaa ubingwa wa Uingereza wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1896 na 1898.

Msaada wa mzunguko huo si mdogo. Kama pasingekuwa na hewa kabisa, mpira uliopigwa kwa meta 70 kwa sekunde na pembe ya nyuzi 10 ungeanguka meta 171 mbele. Katika hewa ya kawaida, ukiwa na mzunguko mzuri, huvuka meta 200. Hewa ile ile inayoupunguzia mwendo ndiyo inayoubeba. Mwezini, ambako hakuna hewa, mwanaanga Alan Shepard wa Marekani alipiga mipira miwili ya gofu mwezi Februari 1971. Huko vishimo na mzunguko havikuwa na kazi yoyote. Kilichosaidia ni udogo wa mvutano wa mwezi, ambao ni kama moja ya sita ya ule wa dunia.

Yanayotokea mlimani

Kadiri mtu anavyopanda, hewa iliyo juu yake hupungua, na kanieneo hushuka. Katika mwinuko wa meta 1400 kanieneo ya hewa ni takriban kilopaskali 86, ilhali pwani ni 101. Joto likiwa nyuzi 24, densiti ya hewa huko ni kilogramu 1.01 kwa meta ya ujazo. Mwanafunzi akiirudia hesabu ya juu kwa namba hiyo atapata ukinzani wa nyutoni 0.88, badala ya 1.0.

Densiti imepungua kwa asilimia 13. Je, mpira utakwenda mbali zaidi kwa asilimia 13? La. Kani ya kuinua nayo imepungua kwa kiasi hicho hicho, maana nayo hutegemea densiti. Mpira umepunguziwa mpinzani, lakini umepunguziwa pia mbebaji. Faida inayobaki ni asilimia 5 hivi: pigo la meta 150 Dar es Salaam huwa la meta 157 au 158 Arusha. Aidha mpira haupandi juu sana, hutua kwa pembe ndogo zaidi, na hubiringika mbali zaidi baada ya kutua. Pigo lililokosewa na kupinda kulia au kushoto nalo hupinda kidogo zaidi kuliko pwani, kwa sababu kani inayopindisha ni ile ile ya mzunguko.

Nairobi iko juu zaidi. Uwanja wa Muthaiga, ambako mashindano ya Kenya Open yaliyoanza mwaka 1967 yamefanyika mara nyingi, una mwinuko wa meta 1700 hivi, na wageni kutoka Ulaya hulazimika kuzikadiria upya fimbo zao zote. Ndege nazo hutii sheria hiyo hiyo. Hewa nyepesi hutoa kani ndogo ya kuinua mabawa, hivyo ndege huhitaji mwendo mkubwa zaidi kabla ya kupaa. Ndiyo sababu mojawapo ya njia ya kurukia ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, ulioko meta 1624 juu ya bahari, kuzidi urefu wa kilometa 4.

Mteremko na macho

Milima huongeza mambo mengine mawili. La kwanza ni tofauti ya kimo. Ikiwa shimo liko meta 20 chini ya mahali pa kupigia, na mpira unashuka kwa pembe ya nyuzi 45, utapata meta 20 za ziada kabla ya kugusa ardhi. Ukishuka kwa pembe ya nyuzi 40, ziada ni meta 24. Shimo likiwa juu, umbali hupungua kwa njia hiyo hiyo.

La pili ni hila ya macho. Mahali ambapo ardhi yote inalalia upande mmoja na upeo wa macho haupo, mtu huuona mteremko mdogo kama tambarare. Hupiga mpira polepole kuelekea shimoni, na kumbe unakengeuka kuelekea bondeni. Dawa ni kupima wala si kutazama. Fundi mwashi hafanyi kazi bila pimamaji, au mrija unaong'aa uliojazwa maji, kwa maana maji hayadanganyiki na sura ya mlima.

Jaribio: kupima mwinuko kwa chupa

Jaribio hili lafaa kwa shule ya Nyabibuye au shule yoyote ya nyanda za juu ambayo mwalimu wake husafiri kwenda Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Uso wa ziwa hilo uko takriban meta 770 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni kama kilopaskali 92.5.

1. Chukua chupa kavu ya kioo. Jaza maji, yapime kwa silinda ya kupimia ili kujua ujazo wake, kisha mwaga na kuikausha vizuri.

2. Iache wazi shuleni mpaka ipate joto la chumba, andika joto hilo, kisha ifunge kwa kizibo kinachobana sana.

3. Ukifika ziwani, itumbukize chupa ndani ya ndoo ya maji yenye joto lile lile ulilolipima shuleni, na isubiri kwa muda. Joto likitofautiana, jibu litakuwa na kosa, kwa kuwa hewa hutanuka kwa joto.

4. Ielekeze chini mdomo wake, ndani ya maji, na uifungue. Maji yataingia. Sawazisha maji ya ndani na ya nje, ziba mdomo, itoe, na upime maji yaliyoingia.

Kwa mfano, chupa ya mililita 500 ikipokea mililita 30, hewa ya shuleni imesongwa hadi mililita 470. Kwa Sheria ya Boyle, kanieneo ya shuleni ni 92.5 × 470 ÷ 500, yaani kilopaskali 87. Tofauti ni kilopaskali 5.5. Katika mwinuko huu kila meta 100 za kupanda hupunguza takriban kilopaskali 1. Basi shule iko meta 550 juu ya ziwa, yaani meta 1320 juu ya bahari.

Maswali

1. Chemsha maji shuleni na usome kipimajoto. Kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi 1 hivi kwa kila meta 300 za mwinuko. Je, jibu lako linapatana na lile la chupa?

2. Kwa kutumia jibu hilo, eleza kwa nini maharage huchukua muda mrefu zaidi kuiva milimani kuliko pwani.

3. Mpira laini usio na vishimo una namba ya ukinzani ya 0.5 hivi. Kokotoa ukinzani wake pwani na katika mwinuko wa meta 1400, mwendo ukiwa meta 70 kwa sekunde.

4. Tafuta kanieneo ya kijiji chako, kisha kokotoa densiti ya hewa yake asubuhi kwenye baridi na mchana kwenye joto. Ni wakati gani mpira wa gofu ungekwenda mbali zaidi, na kwa nini?