Mchezo wa 6 na 9

Bogoro iko kilomita 25 hivi toka Bunia, katika njia iendayo Kasenyi, kwenye Ziwa Albert. Mtoto hutumwa kununua samaki angali mdogo. Basi yampasa kujua tarakimu.

Mwalimu alichukua kijiti, akaandika uwanjani tarakimu kubwa, toka 1 mpaka 9. Watoto walizunguka wakiimba. Mwalimu akiita, “Tatu!”, wote hukimbilia 3, na wa kwanza huweka pale maharagwe matatu. Maana tarakimu ni alama tu. Maharagwe ndiyo yaonyeshayo wingi wake.

Kisha akaita, “Sita!” Watoto wakagawanyika makundi mawili, wakabishana sana. Mwalimu hakuwakemea. Alimwita mtoto mmoja wa kundi la pili, akamwambia azunguke, atazame toka upande wa mwalimu.

“Kumbe ni tisa!” Alikuwa ameiona kichwa chini.

Na kama ingekuwa karatasi ya mama? Ameandika samaki 6, mtoto aleta 9, na fedha ya chumvi imekwisha!

Mwalimu akachora mstari chini ya kila tarakimu. Mchezo ukaanza tena.

“Tisa!”

Safari hii walikwenda polepole, wakitafuta mstari kwanza.